Mrudisheni Babu Yetu Kwenye Noti ya Kumi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Benki Kuu,
kwa mkono wa karani atakayefungua bahasha (nawe ndugu karani, pole na kazi).

KUHUSU: KUONDOLEWA KWA BABU YANGU NA KUACHWA KWA NG'OMBE

Mheshimiwa Gavana,

Naanza kwa salamu, lakini salamu yenyewe imenitatiza. Umri wako siujui, na picha yako ya gazetini umevaa kofia. Kwa hiyo shikamoo yangu naiweka hapa mwanzoni. Ukiwa mkubwa wangu, ichukue. Ukiwa mdogo wangu, iache hapo hapo unitumie ya kwako, nami nitaitikia marahaba nikiwa huku huku bila kinyongo.

Mimi ni kinyozi. Nina kiti kimoja kinachozunguka, kioo kimoja chenye ufa pembeni, na miaka thelathini na mmoja ya kunyoa vichwa bila kumkata mtu sikio, ukiacha shemeji yangu ambaye alipiga chafya. Sijawahi kuiandikia serikali. Mara ya mwisho kuandika barua ndefu namna hii nilikuwa namwomba mke wangu anikubali, na jibu lilichukua miezi minne, kwa hiyo subira ninayo.

Mwezi wa tatu mwaka huu Benki yako ilitoa noti mpya ya kumi. Noti ya zamani ilikuwa na mkulima aliyeegemea jembe, na ng'ombe karibu yake. Noti mpya ina ng'ombe. Mkulima hayupo. Mkulima yule, Mheshimiwa, ni babu yangu mzaa baba.

Usije ukadhani nimepata wazimu wa kuvuta vumbi la nywele. Naomba nieleze historia ya fedha za nchi hii tangu mwanzo, jinsi ilivyoupitia ukoo wetu. Najua Benki inayo historia yake vitabuni, lakini ninyi mliiandika mkiwa upande wa kutoa, na sisi tulikuwa upande wa kupokea.

1. Kuhusu simbi. Zamani pesa ilikuwa simbi, yale magamba madogo meupe ya baharini, yenye mdomo kama wa mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Babu wa babu yangu alikuwa na mbuzi kumi na wawili. Aliwauza wote, akajaza simbi vibuyu vinne, akakaa mlangoni kama tajiri. Mwaka uliofuata wakubwa wa wakati huo wakatangaza kwamba simbi si pesa tena, ni magamba. Akaenda kwa yule aliyewanunua mbuzi wake kuomba arudishiwe hata mmoja. Yule bwana alimkaribisha vizuri, akamweleza kwa upole kwamba mbuzi bado ni mbuzi. Kwa lalamiko hili sidai fidia. Naliweka ili ujue kwamba sisi tulianza kuumizwa mapema.

2. Kuhusu sarafu yenye tundu. Wakaja watawala wa kigeni na sarafu yao, ina tundu katikati na taji juu ya tundu. Nasema kama mtu wa fani: taji bila kichwa chini yake ni kofia tu. Baba wa babu yangu, ambaye alikua akisikia habari za vibuyu vinne, hakutaka kuaibika. Alizitunga sarafu zake kwenye kamba, akaifunga kiunoni chini ya nguo. Akitembea, ulimsikia kabla hujamwona. Siku moja kamba ikakatika katikati ya soko. Watu wengi waungwana walipiga magoti kumsaidia kuokota, na ndiyo maana zilipatikana nusu.

3. Kuhusu noti ya kwanza. Hapa, Mheshimiwa, ndipo heshima yetu ilipozaliwa. Nchi ilipojitawala ikataka pesa yake yenyewe, na mpiga picha wa serikali akatumwa mashambani na kamera ya miguu mitatu kutafuta mkulima na ng'ombe wa kuwekwa nyuma ya noti. Akafika kwenye shamba la babu. Babu alituhadithia mara nyingi: ilikuwa Jumanne, mpiga picha akanywa vikombe viwili vya chai, akausifu mwanga wa jua. Baada ya mwaka noti ya kumi ikatoka, na nyuma yake kuna mwanamume amesimama upande, kofia pana imemfunika mpaka puani, ameegemea jembe.

Utauliza, kama uso umefunikwa, tulijuaje? Tuliijua miguu, ambayo imepinda kama mabano. Tulijua ule mtindo wa kuweka mkono kiunoni kama anayemsubiri mtu aliyechelewa. Na mimi, nilipopata ujuzi wangu, nilithibitisha kwa kisogo. Kisogo cha mtu hakidanganyi. Yule wa kwenye noti ana mikunjo miwili ya shingo na bonde dogo katikati, na kisogo cha babu nilikinyoa miaka ishirini na saba. Babu mwenyewe hakupenda kujisifu. Ukimwuliza kama ni yeye, aliangalia chini, akatabasamu, akasema, "Serikali ina macho."

Basi watu wakamwita Babu Kumi. Akienda dukani alikuwa akiishika noti karibu na shavu lake kabla ya kulipa, na mwenye duka akiwasalimia wote wawili. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtoto ana babu kwenye pesa, na kwamba yule mwashi wa kwenye noti ya ishirini ni babu wa watoto waliotuzidi kidogo. Kibanda changu nilikiita KINYOZI MJUKUU WA NOTI, na maandishi niliyachora mwenyewe kwa rangi ya kijani ileile ya noti.

4. Kuhusu masifuri. Miaka ikaja ambayo bei zilipanda kama maziwa jikoni. Benki yenu ikaongeza sifuri moja kwenye noti ya babu, kisha nyingine, kisha ya tatu, picha ikiwa ileile. Babu akawa elfu kumi. Aliichukulia kama cheo. Alianza kukohoa kidogo kabla ya kuitikia salamu, na aliomba aitwe Babu Elfu Kumi, jina ambalo kulitamka ulihitaji kupumzika katikati. Wakati huohuo elfu kumi ilikuwa inanunua mkate mmoja. Bibi alikwenda dukani na kikapu kimejaa pesa, akarudi na mkate mkononi na kikapu kitupu. Babu alikaa mezani akautazama ule mkate akasema, kwa fahari kabisa, kwamba leo tunamla yeye.

Kisha asubuhi moja redio ikatangaza kwamba Benki imekata sifuri tatu. Babu alilala elfu kumi akaamka kumi. Majirani, ambao midomo yao haina mlango, walimwuliza alifanya kosa gani kazini. Mzee hakutoka nje wiki mbili. Mheshimiwa, mtu akishushwa cheo huandikiwa barua ya sababu. Sisi tulitangaziwa redioni, kati ya taarifa ya mvua na matokeo ya mpira.

5. Kuhusu mkasi. Kila mlipotoa noti upya, noti ilipungua. Sina neno na hilo, hata mimi kazi yangu ni kupunguza. Lakini mkasi wenu ulikata upande wa babu tu. Toleo la pili lilimkata bapa la jembe, akabaki ameegemea fimbo kama mgonjwa. Toleo la tatu lilimkata miguu, ile miguu yetu. La nne likamsogeza nyuma ya ng'ombe, akawa anachungulia. La tano mkaweka ule uzi unaong'aa wa kuzuia noti bandia, na uzi ukampitia katikati, kuanzia kofia mpaka mkanda.

Shangazi yangu amehifadhi noti moja ya kila toleo kwenye kopo la biskuti. Nimezipima kwa futi ya fundi cherehani. Babu ameshuka kutoka milimita arobaini na moja hadi kumi na saba. Ng'ombe amepanda kutoka thelathini hadi hamsini na mbili. Nauliza kwa heshima: ng'ombe huyu anakula nini huko Benki? Isitoshe, toleo la kwanza aliinamia majani, kama ng'ombe mwenye adabu. Sasa anamtazama mwananchi machoni.

6. Kuhusu noti mpya na jirani yangu. Babu alifariki miaka minne iliyopita, na nashukuru hakuiona aibu hii. Mimi nimeiona, na nimeiona kwa ukubwa wa mlango. Nitaeleza.

Milango miwili kutoka kibandani kwangu kuna bucha. Mwenye bucha ni mjukuu wa mwenye ng'ombe. Hilo linajulikana mtaa mzima na hatujalikana hata siku moja: mtu wa kwenye noti ni wetu, ng'ombe ni wao. Bucha lake linaitwa NG'OMBE WA NOTI. Tumeishi vizuri miaka mingi kwa sababu ya mpangilio huo. Binadamu ni mkubwa kuliko ng'ombe, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akianza kunisalimia.

Siku noti mpya ilipotoka, alipita mbele ya kibanda changu akasimama. Akasubiri. Nilielewa anachosubiri. Nikafagia nywele sakafuni, ingawa siku hiyo hakuwa amekuja mteja. Kesho yake alitundika bango la noti mpya, pana kama mlango wa bucha, na ng'ombe ndani yake akinitazama kila nikiinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja. Nimeshamnyoa mzee mmoja nusu ya nyusi kwa sababu hiyo.

Hayo ningeyameza. Lakini, Mheshimiwa, binti yangu anayefundisha chekechea na kijana wa huyo mwenye bucha, fundi wa majokofu, wanapendana. Walikwishakubaliana wenyewe, zikabaki familia kukutana. Tukakutana kwangu sebuleni. Mke wangu aliazima viti viwili na kufunika meza kitambaa cha wageni. Mazungumzo yalianza vizuri, tukaongea kuhusu mvua na bei ya gesi. Kisha mwenye bucha akatoa noti mpya mfukoni, akailaza mezani, upande wa ng'ombe juu, akainyoosha kwa kiganja.

"Sisi tumebaki kwenye pesa," akasema. "Ninyi mko wapi?"

Nilitazama ile noti, na mahali alipokuwa babu mmeweka ua la pambo. Nikasimama, nikasema kikao kimeahirishwa mpaka Benki Kuu itoe maelezo. Binti yangu alitoka jikoni na sinia mkononi akaniambia, bila kupaza sauti, "Baba, mimi naolewa na mtu, siolewi na noti." Nimelitafakari neno lake kwa wiki tano sasa na naona lina ukweli. Lakini yule mtu atakuja kuzaa watoto, nao wataniuliza mababu zao upande wa mama walikuwa akina nani, na upande wa baba kuna ng'ombe mwenye ushahidi.

7. Kuhusu hatua nilizochukua mwenyewe. Ili usiseme nimekimbilia kulalamika, nilijaribu kwanza. Nilibandika mlangoni tangazo: NOTI MPYA YA KUMI HAIPOKELEWI HAPA MPAKA HAKI ITENDEKE. Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori, mtu mrefu asiyesoma matangazo. Nilipofika nusu ya kichwa chake akatoa noti mpya aishike tayari. Nilizima mashine. Nilimweleza historia yote, kuanzia simbi. Alisikiliza mpaka kwenye sarafu yenye tundu, akavua shuka la kunyolea, akaondoka vilevile, kushoto upara na kulia msitu. Nasikia ameshaonekana katika miji mitatu, na kila anapoulizwa anataja kibanda changu.

Siku iliyofuata mke wangu alikuja na kigoda na bakuli la plastiki, akakaa nje ya mlango. Sasa mimi nanyoa kwa msimamo na yeye anapokea noti mpya. Wateja wengine wanalipa kwa simu, ambako hakuna babu wala ng'ombe, kuna ujumbe tu unaosema muamala umekamilika. Hilo nalo ningelilalamikia, lakini karatasi zimebaki mbili.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa Gavana, naomba kwa unyenyekevu mambo yafuatayo. Babu yangu arudishwe kwenye noti ya kumi kabla ya kikao cha familia kuitwa tena. Arudishiwe jembe lenye bapa. Arudishiwe miguu. Ng'ombe asogezwe nyuma na afundishwe kuangalia chini. Ikishindikana kumsogeza ng'ombe, babu apandishwe noti ya ishirini, na mwashi atafutiwe pengine. Ikishindikana hilo pia, noti zote mpya zirudishwe kiwandani, na wakati zinasubiriwa nchi irudi kwenye simbi, kwa sababu vibuyu viwili kati ya vile vinne bado tunavyo, na itakuwa vizuri angalau mara moja sisi ndio tuwe tumejiandaa. Mwisho, naomba kila mtakapochora kichwa cha mtu kwenye pesa mmwite kinyozi aangalie kwanza. Nitakuja na vifaa vyangu. Nauli tutaelewana.

Nisalimie wachoraji wenu, wakata karatasi wenu, walinzi wa geti, na yule mama anayesaini noti kwa mwandiko usiosomeka. Mwambie hatumlaumu, hata daktari wetu yuko hivyo. Nyumbani kwako wote wasalimie, wakubwa na wadogo. Huku mke wangu anakusalimu, shangazi mwenye kopo anakusalimu, na binti yangu anakusalimu ingawa amekasirika.

Nabaki nikisubiri jibu, mashine ikiwa imezimwa,

Kinyozi, Mjukuu wa Noti

Tanbihi. Mheshimiwa, bahasha nilikuwa nimeshaibandika stempu, na stempu ikibandikwa haibanduki, kwa hiyo barua inakuja kama ilivyo. Lakini naomba usiifanyie kazi.

Bibi yetu ana miaka tisini na mitatu na anaishi nasi chumba cha uani. Alinisikia nikiisoma kwa sauti, akataka nimsomee tangu mwanzo. Tulipofika kwa mpiga picha wa serikali akaanza kucheka, akacheka mpaka mke wangu akamletea maji. Kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga akasema, "Babu yenu siku ile alikuwa kichakani. Tumbo lilimchafuka kwa woga wa kamera." Anasema mpiga picha alisubiri vikombe viwili vya chai, akachoka, akamwita jirani aliyekuwa anapita njiani, akamvika kofia ya babu, akampa jembe la babu, akampiga picha. Jirani huyo ni babu wa mwenye bucha. Ng'ombe alikuwa wetu. Aliuzwa kwao misimu miwili baadaye, na ndiyo maana wanamkumbuka kama wao. Nilimwuliza bibi kwa nini amenyamaza miaka yote hii. Akasema hakuna aliyemwuliza, na mzee alikuwa amefurahi sana.

Sikuamini. Jumamosi mwenye bucha alikuja kunyolewa, maana hata katika ugomvi nywele huota. Nilimgeuzia kiti, nikakitazama kisogo chake vizuri kwa mara ya kwanza. Mikunjo miwili, na bonde dogo katikati.

Nilimweleza. Alijiangalia kwenye kioo, upande wenye ufa. Kisha akaniuliza kama ina maana aliyeondolewa ni babu yake. Nikasema ndivyo. Akaomba karatasi. Barua yake imo humu humu ndani ili tuokoe stempu, na nimemsaidia tahajia. Kikao kimefanyika, tarehe ya harusi imepatikana, na sasa ni yeye anayeanza kunisalimia tena, ingawa kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Gavana, nafuta malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la saba. Ng'ombe wetu amechorwa vizuri sana. Jicho lake ni lile la ukoo. Milimita hamsini na mbili zinatosha, ingawa nafasi bado ipo pale penye ua. Na kama huruma itakushika ukaamua kumrudisha babu wa mwenye bucha, naomba awekwe nyuma.